Lenana ya Siku Moja: Tahadhari Kabla ya Kufunga Begi

Ukiwa katika kikundi chochote cha WhatsApp cha wapanda milima, tangazo hili umeshakutana nalo kwa sura moja au nyingine: Ijumaa jioni tunatoka Nairobi, Jumamosi tunasimama juu ya Lenana, Mlima Kenya, Jumapili kila mtu yuko kanisani kwao. Nauli imo, kiingilio kimo, mpiga picha yupo. Nafasi zimebaki chache.

Usiende. Na kama umeshamtumia mwandalizi pesa, soma haya kwanza. Mvua za vuli zikikatika na Januari ikiingia na anga lake jeupe, matangazo haya huongezeka, na kila video ya dakika moja inayoonyesha watu wakishangilia kileleni huleta wengine ambao hawajawahi kulala hata usiku mmoja juu ya mita 3,000.

Sipingi matembezi ya siku moja. Nanyuki ni mji uliokaa vizuri kwa shughuli hiyo. Uko kwenye ikweta, mita 1,900 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi mlima unaonekana wote kabla haujajifunika mawingu, na malango ya Sirimon na Naro Moru si mbali kwa gari. Mtu anaweza kuamka alfajiri, akatembea msituni hadi miti inapoisha, akala chakula chake cha mchana kwenye upepo safi, na akawa mjini anakunywa chai kabla ya magharibi. Ninachopinga ni kuichukua ratiba hiyo na kuibandika juu ya kilele cha mita 4,985.

Lenana huwaponza watu kwa wepesi wake. Vilele viwili vinavyoizidi, Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni majabali. Bila kamba na ujuzi wa kupanda miamba hufiki, na kwa kuwa kila mtu anajua hivyo, hakuna anayekwenda kwa kubahatisha. Lenana huendwa kwa miguu. Anayekimbia kila asubuhi msitu wa Karura kule Nairobi anajiona yuko tayari. Aliyemaliza Elephant Hill kule Njabini, kama mita 3,600, anapiga hesabu kwamba imebaki kidogo tu. Hiyo kidogo yake ni mita 1,400 nyingine, na ndizo zenye kazi.

Kadiri unavyopanda, kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi. Nanyuki unapata kama asilimia 80 ya anayoipata mtu aliyeketi ufukweni Mombasa. Kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni kama theluthi mbili. Lenana ni zaidi kidogo ya nusu. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka muda. Siku ya kwanza unachojua kufanya ni kupumua haraka na kuupeleka moyo mbio. Figo huhitaji siku kadhaa kuirekebisha damu ili upumuaji huo uendelee hata ukiwa usingizini, na ongezeko la maana la chembe nyekundu huchukua wiki. Mazoezi ya mbio hayaharakishi lolote kati ya hayo. Kwa kweli kijana mwenye pumzi za mkimbiaji anaweza kuumia kabla ya mzee anayejikokota, kwa sababu nguvu zake zitamfikisha juu haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Hapa ndipo penye mtego, na namwomba kila mwandalizi ausome mara mbili. Maradhi ya mwinuko hayakushiki pale mguu unapokanyaga juu. Kwa kawaida huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi kati ya 6 na 12: kichwa kinagonga, chakula hakitamaniki, unachefuka, unaona uchovu usioeleweka. Mlima unakukopesha, na deni linadaiwa baadaye. Anayepanda haraka na kushuka haraka, mara nyingi deni humkuta akiwa ameshashuka, amelala kwenye matatu kati ya Karatina na Sagana, na asubuhi anasema ni uchovu wa safari. Ndiyo maana shuhuda za siku moja ni nyingi na zinavutia. Wengi wa wanaozitoa hawasemi uongo. Wamerudi kweli, wazima. Ila wanadhani waliuweza mwinuko, kumbe waliwahi kuushuka.

Basi usalama wote wa safari ya namna hii umesimama juu ya jambo moja: kwamba utashuka kwa wakati. Chochote kitakachokuzuia kushuka, hata kikiwa kidogo namna gani, kinageuza matembezi kuwa msiba. Na mlima huo haukosi vizuizi.

Chukua njia ya Naro Moru, inayopendwa na wenye haraka kwa sababu magari yenye nguvu hupanda hadi kambi ya Met Station, mita 3,050. Juu ya hapo unaingia kwenye kinamasi kilichoinama, ambacho wapandaji wote hukiita Vertical Bog. Ni mteremko wa majani magumu yaliyoota mafungu mafungu, na katikati ya fungu na fungu ni tope jeusi. Unakanyaga fungu, linapinda. Unakanyaga pembeni, mguu unazama hadi katikati ya muundi na kiatu kinabaki kinanyonywa. Kupanda asubuhi na mapema, ukiwa na nguvu, ni kero tu na watu hucheka. Kushuka saa kumi na moja jioni, mvua imenyesha, magoti yanacheza na macho hayaoni mbali, hapo ndipo vifundo vya miguu huteguka. Mmoja akiteguka, hakuna tena kikundi cha siku moja. Kuna watu ishirini waliolowa, machela hakuna, na hata ingekuwapo inataka watu wasiopungua sita wa kupokezana kwenye tope hilohilo.

Ukungu ni kizuizi cha pili. Kwa kawaida mlima huwa wazi alfajiri, mawingu huanza kukusanyika kati ya saa nne na saa sita, na alasiri usione hata mgongo wa aliye mbele yako. Anayefika Lenana saa sita mchana anashuka ndani ya wingu. Mtandao wa simu mara nyingi haufiki mabondeni. Unaweza kuwa na asilimia 90 ya chaji na usiweze kumpigia mtu yeyote.

Piga hesabu ya saa mwenyewe, kwa maana tangazo halitakupigia. Kutoka Met Station hadi kambi ya Mackinder's, mita 4,200, mtembeaji wa kawaida huchukua muda wa saa tano au sita. Kutoka Mackinder's hadi Lenana ni saa tatu hadi tano nyingine, kwenye changarawe inayokurudisha nyuma nusu ya kila hatua. Halafu kushuka kote huko. Kwenye ikweta mchana una saa kumi na mbili tu, na jua likizama giza halichelewi. Hesabu haiingii. Anayeingiza hesabu hiyo anafanya hivyo kwa kuanza kutembea usiku wa manane bila kulala, na kwa kudhani kwamba watu ishirini wasiofahamiana wote watatembea kama yule mwenye mbio kuliko wote.

Mwaka 1943, Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita katika kambi ya Waingereza pale Nanyuki walitoroka ili tu waupande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kutoka nyuma ya waya. Felice Benuzzi na wenzake walikuwa wameweka akiba ya chakula kwa miezi, wakajitengenezea vifaa kwa vyuma walivyookota, na wakakaa nje zaidi ya wiki mbili. Mmoja wao aliugua wakamwacha kwenye kambi yao ya mlimani. Waliobaki walishindwa Batian, wakafika Lenana, wakarudi gerezani wenyewe. Watoro, wenye njaa, wanaosakwa, walijipa muda kuliko tunavyojipa sisi wenye likizo na pesa za M-Pesa.

Baridi nayo isichukuliwe kama maneno ya wazazi. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na hiyo ni kabla ya upepo na kabla ya mvua. Nimewaona watu wakishuka gari lango la Sirimon wamevaa jinzi, fulana ya pamba na raba za kutembelea mjini. Pamba ikilowa haikaushwi na mwili. Inakunyonya joto mpaka liishe. Mtu aliyepoteza joto huanza kwa kutetemeka, kisha maneno yanamteleza, vidole vinashindwa kufunga zipu, anajikwaa, anakuwa mkali bila sababu. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na amelowa, msifurahi. Hali imekuwa mbaya zaidi. Mvueni nguo zilizolowa, mkausheni, mvisheni kavu, mfunikeni pamoja na kichwa, mkingeni na upepo, mtenganisheni na ardhi kwa kumlaza juu ya mabegi. Akiwa anaweza kumeza mpeni kitu cha moto na chenye sukari. Pombe kali ambayo daima kuna mtu ameibeba kwenye begi, hapana.

Kuna kundi ambalo halitajwi kabisa kwenye matangazo. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mlima huu. Lakini hata aliyerithi selimundu upande mmoja tu, baba au mama, ambaye maisha yake yote hajaumwa na huenda hajui kwamba anayo, anaweza kupata matatizo mwinuko ukizidi: damu hukwama kwenye bandama na maumivu makali huanza upande wa kushoto chini ya mbavu. Hali hii ya kurithi ni ya kawaida katika familia nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria na za pwani. Kama kwenu kuna mtoto au ndugu mwenye selimundu, pima kabla ya kulipia safari. Na ikiwa mko juu na mwenzenu anashika ubavu wa kushoto, msimwambie ni kichomi cha kutembea. Mshusheni.

Wanaotoka Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar waongeze tahadhari. Ukipanda treni asubuhi ukiwa usawa wa bahari, ukaunganisha na matatu ya usiku, halafu kesho yake ukawa unaitafuta Lenana, umeruka karibu mita 5,000 kwa siku moja na nusu. Wajawazito, wenye shida ya moyo au mapafu, na watoto wadogo wasihesabiwe kabisa kwenye mpango wa namna hii.

Dawa nazo zina hadithi zake. Diamox, yaani asetazolamaidi, husaidia kweli, kwa sababu huwahisha kazi ile ambayo figo zingeifanya kwa siku kadhaa. Ni ya kuandikiwa na daktari na kuanza kumezwa kabla ya kupanda, na wenye mzio wa dawa za salfa waseme kwanza. Haimgeuzi mtu kuwa mzaliwa wa mlimani kwa alasiri moja. Dawa za maumivu ninaziogopa zaidi, kwa namna zinavyotumika: mtu anaumwa kichwa mita 4,000, anameza vidonge viwili, kichwa kinatulia, anaendelea kupanda. Amezima kengele tu, moto bado unawaka. Kichwa kikiuma juu huko, kwanza simama, kisha shuka. Kidonge umeze ukiwa unashuka.

Dalili mbili zisijadiliwe na mtu. Ya kwanza ni kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, na kukohoa kusikoisha, kwa makohozi yenye povu: mapafu yanajaa maji. Ya pili ni kuyumba na kuchanganyikiwa: ubongo unavimba. Hizi huwapata zaidi wanaolala juu bila kuzoea, yaani ndio hasa wale ambao mguu wa mwenzao umeteguka na usiku ukawakuta. Kipimo ni rahisi. Chora mstari ardhini, mwambie atembee juu yake kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, anashuka sasa hivi, usiku au mchana, mvua au jua, akiwa na mtu wa kumshika. Asiachwe "apumzike kidogo hapa tutampitia tukirudi." Sentensi hiyo isitamkwe mlimani. Anayeomba dakika tano za kulala kando ya njia ndiye wa kuangaliwa kuliko wote.

Na msijipe moyo kwa helikopta. Mwaka 1970, Gerd Judmaier kutoka Austria alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, na helikopta iliyokuja kusaidia ikaanguka, rubani wake akafa. Judmaier aliokolewa baada ya siku nyingi za kazi ya watu waliohatarisha maisha yao. Mawingu ya alasiri hayajabadilika tangu hapo.

Sasa wewe unayekwenda Nanyuki wikendi hii na siku moja tu mkononi, nakupa kanuni moja: mwisho wa barabara ya gari ndio mwisho wa matembezi yako. Old Moses kwa upande wa Sirimon, Met Station kwa upande wa Naro Moru. Huko, likitokea la kutokea, gari la hifadhi linaweza kuwafikia. Juu ya hapo ni mabega ya watu.

Kutoka lango la Sirimon hadi Old Moses ni kama kilomita 9, unapita msituni hadi unatokea kwenye nyika ya juu, na siku ikiwa njema Batian inajionyesha. Anza saa moja asubuhi, usitangulie mapambazuko, kwa maana nyati na tembo hutumia njia hiyohiyo usiku na hawapishi. Ikifika saa saba mchana geuka, uwe umefika au hujafika. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Met Station kutoka lango la Naro Moru ni kama kilomita 10 na mwinuko wake ni mdogo zaidi, kwa hiyo ndiyo ninayomshauri anayeanza, au aliyetoka pwani jana. Asiyetaka baridi aende msitu wa Ngare Ndare kule Timau, akatembee kwenye daraja la kuning'inia juu ya miti na kutazama maporomoko. Hakuna atakayemwuliza ni mita ngapi. Wenye gari imara na siku nzima wana upande wa Chogoria. Mandhari yake nayapenda kuliko ya pande nyingine zote, lakini lango lenyewe liko karibu mita 2,950, basi anayefika hapo kutoka Nairobi ameshapanda vya kutosha kabla hajafungua mlango wa gari.

Mkononi uwe na koti la mvua la kweli, nguo moja kavu iliyofungwa ndani ya plastiki, kofia, tochi ya kichwani hata kama mnategemea kurudi mchana, maji na chakula cha kubaki. Mwongozaji awe mtu wa huko anayejulikana langoni, si rafiki wa mwandalizi aliyewahi kupanda mara moja. Ada ya hifadhi hulipwa kupitia eCitizen kabla ya safari, na majina yenu yaandikwe langoni mnapoingia. Mkishindwa kurudi, orodha hiyo ndiyo itakayowafanya mtafutwe. Mtu mmoja nyumbani aachiwe jina la njia na saa mliyosema mtatoka. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, nayo haitozwi. Dereva asipande mlima. Alale. Kutoka Nanyuki hadi Nairobi ni karibu kilomita 200, na dereva aliyekesha anaweza kuua watu waliokuwa wameokoka na mlima.

Ukiitaka Lenana, nayo haikatazwi, ipe usiku wake. Lala Old Moses au Met Station, lala tena kambi ya Shipton's au ya Mackinder's, na kama mwili unalalamika ongeza usiku mwingine palepale ulipo. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, ndivyo wasemavyo madaktari wa milimani. Ratiba za siku nne na tano za Mlima Kenya zenyewe tayari zinaikiuka kanuni hiyo. Hiyo ya siku moja haina hata jina.

Waandalizi, najua hesabu zenu. Usiku mmoja mlimani ni wapagazi, ni mpishi, ni kibanda, na bei ikipanda wateja wanahamia kwa jirani. Hata hivyo mnaowapeleka hawajui wasichokijua, na wamewaamini. Tangazeni Old Moses ya siku moja kwa jina lake. Ina picha nzuri na watu watakuja.

Nawe uliyelipia Lenana ya Jumamosi hii, mpigie mwandalizi leo. Mwombe kikundi kiishie Old Moses, au safari isogezwe hadi siku ambazo mtaweza kulala mlimani. Akikataa, mdai pesa zako. Asiporudisha, zisamehe na ubaki nyumbani.